Anna Botsford Comstock, Mwalimu wa Walimu wa Somo la Maumbile

Wanachuo wanaporejea kutoka katika mazoezi ya kufundisha, mimi huwauliza ni swali gani la mtoto lililowatoa jasho. Majibu huwa mengi, lakini aghalabu yanafanana: swali lililowashinda halikutoka katika kitabu cha kiada, bali lilitoka nje ya dirisha. Nakumbuka siku moja nilipoketi nyuma ya Darasa la Nne nikimsikiliza mwanachuo akifundisha sehemu za mwili wa mdudu. Alikuwa amechora mdudu mzuri ubaoni na maandalio yake yalikuwa safi. Katikati ya somo mtoto mmoja aliyeketi karibu na mlango aliinuka, mkononi amemshika vunjajungu aliye hai, akauliza kwa nini mdudu huyo aligeuza kichwa kumtazama. Mwanachuo alimwamuru amtupe nje na anakili mchoro wa ubaoni. Baadaye, tulipokuwa tukijadili somo lile chini ya mwembe, aliniambia kwa unyofu kwamba hakukasirika hata kidogo. Aliogopa. Hakujua jibu, na watoto 60 walikuwa wakimtazama.

Hofu hiyo si ngeni, wala si yetu peke yetu. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, katika Jimbo la New York nchini Marekani, mwanamke mmoja aliikuta hofu hiyo hiyo kwa walimu wa shule za vijijini, naye akatumia sehemu kubwa ya maisha yake kuitafutia dawa. Jina lake ni Anna Botsford Comstock. Elimu ya mazingira tunayotakiwa kuifundisha leo ina mizizi mingi, na mmoja wa mizizi hiyo ni kazi ya bibi huyu, ambayo siku zile iliitwa somo la maumbile. Yafaa mwalimu mwanafunzi ayajue maisha yake, kwa kuwa yeye hakushughulika sana na kuwatungia watoto mtaala. Alishughulika na mwalimu.

Anna Botsford alizaliwa tarehe 1 Septemba, 1854, katika kijiji cha Otto, magharibi mwa Jimbo la New York. Wazazi wake, Marvin na Phebe, walikuwa wakulima, na yeye alikuwa mtoto wao wa pekee. Mama yake alikuwa wa dhehebu la Quaker, watu waliojulikana kwa upole na maisha ya kawaida yasiyo na makuu. Mama huyo hakuwa na shahada wala cheti cha ualimu, lakini alimfundisha bintiye majina ya maua ya mwituni yaliyoota kandokando ya njia, na usiku wa anga safi alimwonyesha makundi ya nyota. Hakumpa mtihani. Walitembea tu pamoja na kutazama. Wengi wetu tulifundishwa vivyo hivyo na bibi zetu kuhusu miti ya dawa na majira ya mvua, ingawa tulipoingia chuoni tukadhani kwamba elimu ile haihesabiwi.

Baada ya masomo ya sekondari katika mji wa Randolph, Anna alirudi Otto akafundisha shule kwa muda wa mwaka mmoja. Mwaka 1874 aliingia Chuo Kikuu cha Cornell, katika mji wa Ithaca, chuo ambacho kilikuwa kimeanza kupokea wanawake miaka michache tu kabla ya hapo. Huko alisoma elimu ya wanyama kwa mwalimu kijana, John Henry Comstock, ambaye alikuwa akijenga fani iliyokuwa changa bado, yaani elimu ya wadudu. Anna aliacha chuo baada ya miaka miwili bila kupata shahada. Tarehe 7 Oktoba, 1878, aliolewa na Comstock.

Hapa mtu angeweza kudhani kwamba hadithi imekwisha, maana mke wa mwalimu wa chuo kikuu siku zile alitarajiwa kukaribisha wageni na kutunza nyumba. Yeye aliyafanya hayo, lakini pia aliketi mezani na kalamu ya kuchorea. Mumewe alipopewa kazi katika Idara ya Kilimo ya serikali mjini Washington, mwaka 1879, mkewe alimsaidia kazi za ofisi na kuchora picha za vidudu vidogo vinavyojigandisha kama magamba kwenye michungwa na milimau na kuinyonya. Kazi hiyo haina uongo. Mchoraji anayedhani kwamba anamjua mdudu hugundua, mara aanzapo kuchora mguu wa tatu, kwamba hajawahi kuutazama mguu huo. Waliporejea Cornell aliendelea na masomo, akapata shahada ya sayansi mwaka 1885, akiwa na umri wa miaka 30. Kisha alijifunza kuchonga picha kwenye mbao kwa ajili ya uchapaji, na kitabu kikubwa cha mumewe juu ya wadudu kilichotoka mwaka 1895 kilijaa michongo ya mikono yake, mamia kwa mamia. Mwaka 1888 alikuwa miongoni mwa wanawake 4 wa kwanza kuingizwa katika Sigma Xi, chama cha heshima cha wanasayansi nchini Marekani.

Nimeyaeleza haya ili msomaji asije akadhani kwamba somo la maumbile lilianzishwa na mtu asiyejua sayansi. Aliijua barabara. Ndiyo maana aliweza kuona kwamba walimu wa vijijini hawakuhitaji kuanza na sayansi ya chuo kikuu.

Sababu iliyomtoa katika michoro na kumwingiza katika kazi ya walimu ilikuwa ni shida ya uchumi. Kati ya miaka 1891 na 1893 kilimo katika Jimbo la New York kilididimia vibaya. Vijana waliyaacha mashamba, wakamiminika katika Jiji la New York kutafuta kazi ambazo hazikuwapo, na mashirika ya hisani yakalemewa na watu wenye njaa. Waliokuwa wakitoa msaada wakaanza kujiuliza kwa nini watu hawa walikimbia ardhi. Kamati ya kuendeleza kilimo katika jimbo ikaundwa, na baada ya kufikiri sana ikafikia uamuzi uliowashangaza wengi: kwamba tiba ianzie katika shule ya msingi. Watoto wafundishwe kuyaona na kuyapenda mambo yanayowazunguka shambani, nao watakapokua watabaki. Mwaka 1895 Bibi Comstock aliingizwa katika kamati hiyo, akapanga na kuendesha jaribio la somo la maumbile katika shule. Jaribio lilianzia katika Wilaya ya Westchester, jirani na jiji lenyewe. Lilipoonekana kufaa, fedha za jimbo zilitolewa, na kazi ya kulieneza ikakabidhiwa Chuo cha Kilimo cha Cornell.

Wasomaji wetu wa Tanzania wataisikia sauti wanayoifahamu. Sisi nasi, tangu siasa ya Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, tumeambiwa mara nyingi kwamba shule itamfanya kijana aipende ardhi. Nitalirudia jambo hili, kwa kuwa halikwenda kama lilivyotarajiwa huko, na si haki kulificha.

Ilipofika zamu ya utekelezaji, ukweli ulijitokeza. Mtaala ungeweza kuandikwa kwa wiki chache, lakini nani angeufundisha? Walimu wengi wa shule zile za vijijini, nyingi zikiwa na chumba kimoja, walikuwa wasichana waliotoka shule juzijuzi tu. Walikuwa na hesabu, kusoma, kuandika na jiografia za kufundisha kwa watoto wa rika zote, na sasa waliongezewa somo jingine. Walikuwa na sababu ya kunung'unika. Wengi walikataa kulifundisha, na sababu waliyoitoa ilikuwa ile ile ya mwanachuo wangu wa vunjajungu: watoto watauliza maswali tusiyoweza kuyajibu.

Bibi Comstock na wenzake hawakujaribu kuwapeleka walimu wote hao chuoni, maana isingewezekana. Walitumia njia tatu. Njia ya kwanza ilikuwa posta. Chini ya uongozi wa Liberty Hyde Bailey, mtaalamu wa kilimo cha bustani, Cornell ilianza mwaka 1896 kuwatumia walimu vijitabu vidogo, kila kimoja kikihusu jambo moja tu. Kile cha kwanza kilieleza jinsi mche wa boga unavyojitoa katika mbegu yake. Ndugu msomaji, fikiri jinsi jambo hilo lilivyo dogo. Kijitabu hakikuzungumzia ufalme wa mimea wala mgawanyo wa mbegu zote duniani. Kilizungumzia mbegu ya boga, na udongo, na kile ambacho mwalimu angekiona kwa macho yake kama angeipanda na kungoja siku chache. Baadaye yakafuata masomo ya posta yaliyokusudiwa walimu hasa, ambamo Bibi Comstock aliandika sehemu kubwa. Masomo hayo yalijaa maswali, na maswali yale hayakuweza kujibiwa kwa kufungua kitabu. Mwalimu ilimbidi atoke nje akatazame.

Njia ya pili ilikuwa semina na masomo ya likizo ya kiangazi. Bibi Comstock alisafiri huku na huko katika jimbo akizungumza na walimu kwenye mikutano yao, na tangu mwaka 1897 alifundisha somo la maumbile pale Cornell penyewe. Njia ya tatu ilikuwa kuwapitia watoto. Mkulima mmoja wa matunda, John W. Spencer, ambaye watoto walimwita Mjomba John, alianzisha vyama vya watoto wachunguzi katika shule. Ada ya chama haikuwa fedha. Ilikuwa barua: kila mwanachama aandike aliyoyaona. Barua zikafurika Cornell kwa maelfu. Walimu wa lugha wakagundua, pengine kwa mshangao, kwamba mtoto aliyekuwa akilia akiambiwa atunge insha huandika kurasa mbili bila kusukumwa anapokuwa na chura wake mwenyewe wa kumweleza.

Sasa tuingie katika kiini cha mafundisho yake, ambacho alikikusanya katika kitabu kikubwa cha kiongozi cha somo la maumbile kilichotoka mwaka 1911, chenye kurasa zaidi ya 900. Sura za mwanzo zinamhusu mwalimu peke yake. Humo Bibi Comstock anaishughulikia ile hofu waziwazi. Anamweleza mwalimu kwamba kutojua jibu si aibu. Aibu ni kujifanya anajua, au kumnyamazisha mtoto ili kuficha. Mwalimu akiri kwamba hajui, kisha amwalike mtoto watafute pamoja. Naye anaongeza hoja ambayo mimi naiona ni ya maana zaidi: hata wataalamu wakubwa hawajui majibu ya maswali mengi ya watoto, kwa hiyo mwalimu asiyejua hayuko nje ya sayansi, bali amesimama mlangoni pake. Kadhalika anamwonya mwalimu anayejua. Akilitoa jibu upesi mno, anamnyang'anya mtoto kazi ya kutazama, na mtoto aliyenyang'anywa kazi hiyo mara kadhaa huacha kuuliza.

Wapo watakaosema kwamba hii ni ruhusa ya uvivu, mwalimu asiandae somo kwa kuwa ataungama tu kwamba hajui. La hasha. Kila somo katika kitabu kile lina maelezo marefu ya kumsomesha mwalimu kabla hajaingia darasani, kisha wazo kuu la somo, kisha njia ya kulifundisha, na mwisho maswali ya kuwaongoza watoto katika uchunguzi wao. Mwalimu aliyelisoma vema huingia darasani na maarifa mengi, ila anayaweka mfukoni. Nimejaribu kuwafanya wanachuo wangu waandike maandalio kwa mpango huo, na sehemu inayowashinda daima ni ya mwisho. Kuandika maelezo ni rahisi. Kutunga swali ambalo mtoto wa miaka 9 atalijibu kwa kutazama, bila kubahatisha wala kukumbuka alichoambiwa, ni kazi ya jioni nzima.

Tazama mfano. Masomo ya wanyama katika kitabu hicho yanaanza na ndege, na ndege mwenyewe ni kuku wa nyumbani. Somo la kwanza ni la manyoya kama vazi. Watoto hutazama jinsi manyoya ya mgongoni yalivyolaliana kama vigae vya paa na kuyamwaga maji ya mvua, na jinsi manyoya laini ya ndani yanavyouhifadhi mwili usipate baridi. Kutoka katika unyoya mmoja watoto hufika kwenye hali ya hewa, kwenye makazi ya viumbe, na kwenye swali la jinsi kila kiumbe kinavyotosheana na mahali kinapoishi. Hilo ndilo tunaloliita leo mazingira. Naye hakutumia neno hilo, wala hakuwa na haja ya chati ya rangi kutoka mjini.

Mashauri yake mengine ni ya mtu aliyewahi kusimama darasani. Somo liwe fupi, la dakika 10 hadi nusu saa. Lichukue jambo lililoko karibu na mlango wa shule na litokee katika majira yake, kwa maana hakuna faida kufundisha ua siku ambazo halichanui. Lisaidie kuchora, kuandika na hesabu, lakini lisigeuzwe kuwa zoezi la imla, kwa sababu mtoto akiona kwamba kila amtazamapo panzi anadaiwa insha, atamchukia panzi. Na mwalimu aliyechoka na darasa lenye fujo atoke nalo nje badala ya kutafuta fimbo. Aliamini kwamba somo hili lingemponya mwalimu mwenyewe, afya na moyo, kabla ya kumfaa mtoto. Miongoni mwa waandishi wa mbinu za kufundisha niliowasoma, ni wachache mno wanaomfikiria mwalimu kama kiumbe anayechoka.

Kitabu hicho nusura kisichapishwe. Mumewe na washirika wake wa kampuni ndogo ya uchapaji waliyokuwa nayo pale Ithaca walihofia kwamba kitaleta hasara, kwa ukubwa wake na gharama zake. Walikosea. Kilichapishwa tena na tena, zaidi ya mara 20, kikatafsiriwa katika lugha 8, na ndicho kilichoitegemeza kampuni ile.

Cheo chake ni habari nyingine, nami sitaipita kimya, kwa sababu wasomaji wengi wa jarida hili ni wanawake. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 Cornell ilimpa cheo cha profesa msaidizi, mwanamke wa kwanza kukipata chuoni hapo. Baadhi ya wajumbe wa Baraza la Wadhamini wakapinga mwanamke kuitwa profesa, akashushwa kuwa mhadhiri. Kazi ilibaki ile ile. Alingoja hadi mwaka 1913 ndipo akarudishiwa cheo hicho, na uprofesa kamili akaupata mwaka 1920, akiwa na umri wa miaka 65 na miaka miwili tu kabla ya kustaafu. Katika miaka hiyo ya kungoja ndipo alipoandika masomo ya posta, ndipo alipokitunga kile kitabu cha walimu, na ndipo walimu wa jimbo zima walipokuwa wakimwandikia barua. Wengine wataona hapo somo la uvumilivu. Mimi naona zaidi ya miaka kumi aliyodhulumiwa.

Je, lengo la kamati ile lilitimia? Vijana walibaki mashambani? Hawakubaki. Hesabu ya watu ya Marekani ya mwaka 1920 ilionyesha kwa mara ya kwanza kwamba wakazi wa mijini walikuwa wengi kuliko wa mashambani. Watu huhama kwa sababu ya bei ya mazao, mishahara na madeni, na hakuna somo la shule, hata lifundishwe kwa ustadi gani, linaloweza kushindana na mambo hayo. Wapo pia wanasayansi waliolilaumu somo la maumbile kwamba lilikuwa na huba nyingi na utaratibu mdogo, na baada ya muda shule nyingi za Marekani zililibadilisha kwa somo la sayansi lenye muhtasari uliopangwa hatua kwa hatua. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Mwalimu dhaifu aliweza kuligeuza somo kuwa hadithi tamu za wanyama wanaosemezana. Lakini Bibi Comstock mwenyewe, aliyechonga mamia ya wadudu mguu kwa mguu, hakufundisha hivyo, na lengo alilolitilia mkazo katika kitabu chake lilikuwa ni mtoto anayeona na mwalimu asiyeogopa. Kwa kipimo hicho hakushindwa.

Aliendelea kuandika mpaka uzeeni. Aliandika juu ya vipepeo, nyuki, miti na wanyama wa kufugwa nyumbani, na kuanzia mwaka 1917 hadi 1923 alikuwa mhariri wa jarida la walimu wa somo la maumbile. Mwaka 1923 chama cha wanawake wapiga kura wa Marekani kilimtaja kuwa mmoja wa wanawake 12 wakuu waliokuwa hai nchini humo. Baada ya kustaafu, mwaka 1922, hakuacha kufundisha walimu waliokuja Cornell katika likizo ya kiangazi. Miaka yake ya mwisho ilikuwa na majonzi, kwa maana tangu mwaka 1926 mumewe alikuwa amepooza kwa kiharusi, naye mwenyewe alikuwa mgonjwa. Hawakujaliwa watoto. Alifariki dunia mjini Ithaca tarehe 24 Agosti, 1930, na mumewe akamfuata mwezi Machi mwaka uliofuata, akiwa ameirithisha Cornell kampuni yao ya uchapaji pamoja na kile kitabu cha walimu.